Uhaba, si umri, ndio unaopandisha bei ya mabaki ya kampeni

BEJI ndogo ya chuma inayoweza kufichwa kiganjani iliuzwa mnadani nchini Marekani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola 180,000. Kwa kiwango cha ubadilishanaji wa fedha cha wakati huo, hizo ni zaidi ya Sh20 milioni, pesa zinazotosha kununua shamba na trekta la kulilima.

Ajabu ni kwamba beji yenyewe ilitengenezwa ili itolewe bure, na wanasiasa wawili ambao sura zao zimechapishwa juu yake walibwagwa katika uchaguzi. Wa kwanza ni James Cox, aliyewania urais mwaka 1920 kwa tiketi ya chama cha Democratic. Wa pili ni mgombea mwenza wake, Franklin Roosevelt, ambaye miaka 12 baadaye alirudi debeni na kuchaguliwa rais.

Habari kama hizi huwapa matumaini watu wengi. Wakati Kenya inajiandaa kwa uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, mchuuzi aliyesalia na magunia ya fulana na kofia za kampeni ya 2022 anaweza kujiuliza kama amekalia mali. Mkulima mwenye kasha la leso na magazeti ya zamani naye anaweza kuanza kuyatazama kwa jicho jingine.

Jibu linalotokana na historia ya biashara hii kule Marekani, ambako ina mizizi mirefu zaidi, halimpendelei mwenye magunia. Kinachopata bei si kile kilichohifadhiwa na wengi kwa tamaa ya faida. Ni kile ambacho karibu kila mtu alikitupa.

Bei hutoka wapi?

Wamarekani wamekuwa wakihifadhi vitu vya siasa tangu rais wao wa kwanza, George Washington, alipoapishwa mwaka 1789. Wakati huo wafuasi wake walivaa vifungo vya shaba vilivyoshonwa kwenye makoti, vikiwa na herufi za jina lake. Mwaka 1840, kampeni ya William Henry Harrison ilitoa leso za mkononi, vyombo vya udongo na vitu vingine vingi vyenye picha ya kibanda cha magogo, ili mgombea huyo aliyezaliwa katika familia tajiri aonekane mtu wa kawaida. Mwaka 1860 wafuasi wa Abraham Lincoln walivaa picha yake ndogo iliyopigwa kwenye bati.

Kufikia 1945 wakusanyaji walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao cha kitaifa. Makavazi ya taifa ya Smithsonian jijini Washington nayo hutuma wataalamu wake kwenye mikutano mikuu ya vyama ili kuokota mabango, kofia na beji kabla hazijafagiliwa.

Hata hivyo, umri pekee haujawahi kuwa kipimo cha bei. Beji ya Cox na Roosevelt ilipata thamani kwa sababu mbili zilizokutana. Kwanza, kampeni ya mwaka 1920 haikuwa na fedha za kutosha, hivyo beji zenye sura za wagombea wote wawili zilikuwa chache mno. Pili, Roosevelt alikuja kushinda urais mara nne, na kila mkusanyaji wa vitu vyake akatamani kupata beji ya kampeni hiyo ya kwanza. Walaji wakawa wengi, mzigo ukawa haba.

Ulinganishe mfano huo na wa mwaka 1972. Mgombea urais wa Democratic, George McGovern, alimteua Seneta Thomas Eagleton kuwa mgombea mwenza. Baada ya siku 18 Eagleton alilazimika kujiondoa, kufuatia habari kwamba aliwahi kulazwa hospitalini kutibiwa maradhi ya huzuni. Nafasi yake ilichukuliwa na Sargent Shriver.

Watu walipoona hivyo, wengi walikimbilia beji za McGovern na Eagleton na kuziweka, wakiamini kwamba zitakuwa adimu. Kwa kuwa kila mtu aliwaza vilevile, beji hizo zilihifadhiwa kwa wingi. Zaidi ya nusu karne baadaye bado zinapatikana kwa dola chache tu.

Jambo hili si geni kwa mkulima wa mahindi. Wakulima wote wa eneo moja wakifungia magunia ghalani wakisubiri bei ipande, kisha wote wakafungua maghala wiki moja, bei inaanguka na wa mwisho kufika sokoni anaumia zaidi. Tofauti ni kwamba mahindi yakikosa soko yanaliwa. Beji hailiwi.

Somo hilo linafaa kukumbukwa pia kuhusu bidhaa za uchaguzi wa Marekani wa 2024. Rais Joe Biden alipojiondoa katika kinyang'anyiro mnamo Julai 21 mwaka huo, mabango, kofia na fulana zenye jina lake zilikuwa tayari zimechapishwa na kuuzwa. Ni rahisi kudhani kwamba kampeni iliyokatika katikati huacha vitu adimu. Lakini pale bidhaa zilipokuwa nyingi na watu wakazihifadhi kwa makusudi, mfano wa 1972 unaonyesha wazi zitakakoishia.

Kampeni ya wakulima wenye madeni

Uchaguzi wa Marekani wa 1896 ndio ulioeneza beji ya kisasa. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya mji wa Newark ilikuwa imeanza kutengeneza beji za chuma zilizofunikwa kwa seluloidi angavu, zenye pini nyuma. Zilikuwa za bei nafuu, zenye rangi za kupendeza, na zilichapishwa kwa mamilioni.

Mvutano mkuu wa mwaka huo uliwagusa wakulima moja kwa moja. Bei ya ngano na pamba ilikuwa imeshuka kwa miaka mingi huku madeni yao yakibaki palepale. Mgombea wao, William Jennings Bryan, alitaka sarafu za fedha zitengenezwe bila kikomo ili pesa ziongezeke mikononi mwa watu na bei ya mazao ipande. Mpinzani wake, William McKinley, aliungwa mkono na mabenki na wenye viwanda, waliotaka thamani ya pesa ibaki imefungwa kwenye dhahabu. Wafuasi wa pande zote walivaa pini zenye umbo la mdudu, wa rangi ya dhahabu au ya fedha kulingana na kambi. McKinley alishinda.

Pini na beji hizo zina zaidi ya miaka 125 na zinabeba historia nzito ya wakulima. Lakini kwa kuwa zilitengenezwa nyingi, zile za kawaida bado huuzwa kwa makumi ya dola tu. Mtu anayedhani kuwa kila kitu kilichopita miaka 100 ni utajiri angeshangaa kuona kwamba bei ya baadhi yake haifiki ya mbuzi mmoja.

Katuni: karatasi na mchoro wa asili

Katika katuni za kisiasa, tofauti kubwa ya bei iko kati ya mchoro wa asili, yaani ule uliochorwa kwa mkono wa msanii, na ukurasa wa gazeti ambako mchoro huo ulichapishwa.

Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani akiwa mtoto, ndiye baba wa fani hii nchini humo. Akichorea gazeti la kila wiki la Harper's Weekly, alimwandama William Tweed, mwanasiasa aliyeongoza genge lililofuja mamilioni ya pesa za jiji la New York. Tweed alipotoroka na kufika Uhispania, alitambuliwa mwaka 1876 kwa msaada wa katuni ya Nast. Mchoraji huyohuyo ndiye aliyetumia ndovu kuwakilisha chama cha Republican mwaka 1874, na ndovu huyo yungalipo hadi leo.

Pamoja na sifa hizo zote, ukurasa halisi wa Harper's Weekly wenye katuni ya Nast mara nyingi hupatikana kwa makumi ya dola. Gazeti hilo lilichapishwa kwa zaidi ya nakala 100,000 kwa wiki, na watu wengi walizihifadhi. Kurasa za rangi za majarida ya Puck na Judge, yaliyovuma mwishoni mwa karne ya 19, ziko katika hali kama hiyo. Mchoro wa asili huwa mmoja tu, na ndio unaogombaniwa.

Licha ya hayo, michoro ya asili ndiyo iliyopotea zaidi, kwa kuwa ilichukuliwa kama karatasi za kazi zilizokwisha kutumika. Zaidi ya michoro 2,000 ya Clifford Berryman, aliyechora siasa za Washington kwa zaidi ya nusu karne, ilikutwa katika nyumba ya familia yake ikiwa imetiwa ndani ya mifuko ya plastiki ya takataka. Sasa iko chini ya ulinzi wa Nyaraka za Taifa za Marekani.

Berryman anatoa pia funzo jingine kwa wenye maduka. Novemba 1902 alichora katika gazeti la Washington Post jinsi Rais Theodore Roosevelt alivyokataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kamba wakati wa uwindaji huko Mississippi. Morris Michtom, mwenye kiduka cha peremende mtaani Brooklyn, aliona katuni hiyo. Yeye na mkewe Rose walishona mwanasesere wa dubu, wakamweka dirishani na kumpa jina la utani la rais, Teddy. Wateja walifurika, na kiduka kikazaa kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea.

Michtom hakutajirika kwa kuhifadhi gazeti. Alitajirika kwa kushona na kuuza wakati watu wanazungumzia jambo hilo. Roosevelt naye, baada ya kuondoka madarakani, alitia nanga Mombasa Aprili 1909 kuanza safari yake ndefu ya uwindaji katika Afrika Mashariki.

Nakala na ulaghai

Bei zikipanda, walaghai hawakawii. Kufikia miaka ya 1960 na 1970, baadhi ya kampuni za Marekani zilikuwa zikitoa nakala za beji za kale kama zawadi kwa wateja. Nia haikuwa kudanganya, lakini nakala hizo zilipochakaa kidogo zilianza kuuzwa kama za asili.

Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1973 inayomtaka mtengenezaji wa nakala ya kitu cha siasa aandike juu yake mwaka aliouitengeneza. Sheria hiyo imesaidia, lakini haigusi nakala za zamani zaidi, na wapo wanaoikwepa kwa kukwangua maandishi.

Wanunuzi wazoefu hugeuza beji kwanza. Mwaka au jina la kampuni iliyotoa nakala mara nyingi huchapishwa ukingoni, pale chuma kilipokunjwa kuelekea nyuma. Aidha, beji za 1896 zilifunikwa kwa seluloidi, ilhali nakala nyingi zimechapishwa moja kwa moja kwenye bati. Kwa upande wa katuni, kioo cha kukuzia hufichua vidoti vya mashine za uchapishaji za kisasa, ambavyo havipo kwenye mistari ya chapa za mbao za wakati wa Nast.

Kwa anayenunua kwa njia ya intaneti akiwa mbali, vipimo hivi karibu vyote havitumiki. Anaona picha tu. Ndiyo maana ni hatari kwa mtu wa Eldoret au Mwanza kutuma pesa Marekani kununua kitu ambacho hajakishika.

Mzani wa mtaji

Tuseme mfanyabiashara ananunua beji ya Sh10,000, na baada ya miaka 20 anaiuza Sh30,000. Masikioni hiyo ni faida kubwa, mara tatu ya mtaji. Lakini ikigawanywa kwa miaka, ongezeko ni chini ya asilimia sita kwa mwaka.

Pesa hizohizo zikiwekwa mahali zinapopata asilimia 10 kwa mwaka, kiwango ambacho dhamana za serikali ya Kenya zimekipita mara nyingi, na faida ikiachwa iendelee kuzaa, zingefika takriban Sh67,000 katika muda uleule.

Hapo bado gharama za mnada. Dalali akikata asilimia 20, ile Sh30,000 inakuwa Sh24,000. Kuna pia ada za usafirishaji na bima, na muda wa kusubiri hadi mnunuzi apatikane. Mtoto akifukuzwa shule kwa kukosa karo, ng'ombe anaweza kuuzwa kesho yake sokoni. Beji haina soko la kila Jumanne.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Pesa za mbegu, mbolea au kujaza duka si za kununulia vitu vya ukumbusho, hata kama habari za mnada zinavutia vipi.

Leso, ndizi na chungwa

Hii haimaanishi kwamba vitu vya siasa vya Afrika Mashariki havina thamani. Vingi vina hadithi isiyopatikana kwingine, na vinatoweka upesi kwa kuwa vilitengenezwa ili vitumike. Fulana ya kampeni huvaliwa shambani hadi ipasuke. Leso hubeba mtoto, kisha hugeuka tambara la kudekia. Bango hufunikia daftari au huziba upepo ukutani.

Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwaka 2008, leso zenye picha yake ziliuzwa Kenya na Tanzania, na serikali ya Kenya ikatangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko. Leso hizo ni vitu vya kampeni ya Marekani ambavyo Marekani kwenyewe havikutengenezwa. Katika marobota ya mitumba nako, si ajabu mchuuzi kukuta fulana ya mwanasiasa wa jimbo la mbali. Hapo hasara ni ndogo: bei yake ni ile ya fulana nyingine yoyote.

Kura ya maamuzi ya katiba ya Novemba 21, 2005 nchini Kenya nayo ilikuwa na alama zilizotoka shambani. Waliounga mkono rasimu walipewa ndizi, waliopinga wakapewa chungwa, na chungwa likashinda. Vitu vya kampeni hiyo vina habari kubwa ndani yake, kwa kuwa chungwa hilo ndilo lililozaa jina la chama cha siasa kilichotikisa nchi kwa miaka iliyofuata.

Kwa upande wa katuni, zipo kazi za Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchorea gazeti la Daily Nation mwaka 1992, na nakala za jarida la vichekesho la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973. Kama ilivyo kwa Nast, gazeti lililochapishwa maelfu ni jambo moja, na mchoro wa mkono wa msanii ni jambo jingine.

Kinachokosekana ni soko. Marekani ina wakusanyaji, minada, vitabu vya bei na makavazi yanayoshindania vitu hivyo. Bila wanunuzi wawili wanaotaka kitu kimoja, hakuna bei, hata kitu kiwe cha pekee duniani.

La kufanya

Kwa mfanyabiashara, faida ya kampeni iko kwenye oda na si kwenye mabaki. Anayechapisha fulana au kushona bendera ni vyema adai malipo ya kwanza kabla ya kununua kitambaa, na salio kabla ya kukabidhi mzigo. Mgombea akishindwa, kumtafuta ili alipe deni ni kazi ngumu kuliko kampeni yenyewe.

Mzigo ukibaki baada ya kura, uuzwe mapema kwa bei ya nguo za kazi. Wenye vibanda vya gereji, wachimba mitaro na wakulima watazinunua. Magunia 10 yaliyofungiwa stoo kwa miaka 10 hula kodi ya stoo, hualika panya, na mwishowe huuzwa kama matambara.

Lakini kipande kimoja kimoja, kilicho kizima kabisa, kinaweza kuwekwa. Hakigharimu chochote. Fulana au leso ikunjwe ikiwa safi na kavu, mbali na jua, moshi na mchwa. Gazeti liwekwe likiwa bapa ndani ya bahasha, wala lisibandikwe kwa selotepu au kufunikwa kwa plastiki ya moto. Beji isioshwe kwa maji, maana yakipenya chini ya seluloidi huleta kutu.

La muhimu zaidi ni karatasi ndogo inayoandamana na kitu hicho: kilitoka kwa nani, kilitolewa mkutano gani, mahali gani na tarehe ngapi. Picha ya mwenye kitu akiwa amekivaa siku hiyo ni ushahidi bora zaidi. Miaka 50 ikipita, leso isiyo na maelezo ni kitambaa cha zamani tu, ilhali iliyo na maelezo inaweza kumwonyesha mjukuu, au makavazi, jinsi watu wa kijiji hicho walivyopiga kura.

Ikitokea mtu akaja na bei nzuri, hiyo itakuwa heri. Asipokuja, mwenye kitu hajapoteza hata mfuko mmoja wa mbolea.